Aliyeunda Chombo na Atakayekipanda

Msomaji, nataka umfikirie fundi seremala mmoja wa mtaa wa Rhonda, upande wa magharibi wa Nakuru. Fundi huyu hana jina, wala usimtafute, maana nimemwunda mimi kwa ajili ya insha hii kama yeye alivyounda chombo chake. Kazi yake ya kila siku ni vitanda, milango na meza. Lakini kwa muda wa miezi saba, jioni baada ya kazi na Jumapili baada ya ibada, amekuwa akiunda mashua ya kuvulia samaki katika ua wa nyumba anamopanga, baina ya kamba za kuanikia nguo na tangi la maji. Majirani walicheka mwanzoni, kama watu wa nchi kavu wamchekavyo mtu anayeunda chombo mahali ambapo maji hununuliwa kwa debe. Baadaye walizoea, na watoto wao wakaipanda mashua hiyo kila alasiri, wakasafiri hadi Mombasa na Bara Hindi bila ya kuitoa mahali pake.

Ziwa liko karibu na Rhonda, lakini si ziwa la mashua hii. Ziwa Nakuru limo ndani ya mbuga ya taifa, na maji yake ni ya magadi. Samaki wadogo waliomo asili yao ni Ziwa Magadi. Waliletwa kuanzia miaka ya 1950 ili wale viluwiluwi vya mbu, si kwa ajili ya chungu cha mtu, na kuvua humo bila ya idhini ni kosa. Kwa hiyo chombo cha fundi wetu hakina budi kupakiwa katika lori na kusafiri kiasi cha kilomita 70, kupita Gilgil, mpaka Naivasha kwenye maji matamu, ambako uvuvi huruhusiwa kwa leseni. Huko kinangojwa na watu watatu. Wa kwanza ni mnunuzi, ambaye amekwisha kulipa nusu ya bei. Wengine wawili ni wavuvi atakaowaajiri, na hao hawajalipa kitu wala hawajaulizwa neno; wao watakipanda tu.

Chombo kitashuliwa Jumamosi. Usiku wa Ijumaa fundi anakizunguka na taa mkononi. Mbao ni za saipresi, zimepigwa randa vizuri, mataruma yamekaa sawa, mishono imetiwa kalafati ya pamba, na rangi ya buluu inang'aa kana kwamba tayari imelowa. Anafurahi kama mzazi. Halafu mkono wake unafika ubavuni upande wa kushoto, karibu na mkuku, na hapo unasita. Chini ya rangi ile pana ubao mmoja uliofanya ufa siku alipoukunja. Aliuziba ufa kwa gundi na lami, akaupaka rangi, na hakuna mtu aliyemwona. Tena anakumbuka kwamba mbao zilimpungukia, akapunguza upana wa chombo kwa shibiri moja, akajiambia kwamba shibiri moja si kitu. Mambo haya mawili yanajulikana na mtu mmoja tu katika dunia nzima, na mtu huyo sasa anazima taa na kwenda kulala.

Swali langu ni hili: je, fundi huyu anadaiwa nini, naye anadaiwa na nani?

Jibu la haraka ni kwamba anadaiwa chombo kizuri na mtu aliyelipa. Jibu hilo halitoshi kwa pande zote mbili. Kwanza, fundi mwenyewe hajui kama chombo chake ni kizuri. Hakuna ajuaye kabla ya kuyauliza maji. Chombo kilicho juu ya magogo katika ua wa Rhonda ni mfano wa chombo tu. Maji hayatazami rangi, wala hayahesabu miezi saba. Pili, aliyelipa hatazama. Mnunuzi atasimama ukingoni, mikono mifukoni, na watakaokuwa katikati ya ziwa ni wale wawili ambao katika mapatano yote majina yao hayakutajwa. Kwa hiyo nasema kwamba deni la kwanza la fundi si chombo kizuri bali ni ukweli juu ya chombo. Na wanaomdai ni wale watakaokipanda kwa kumwamini, hata kama hawajui kwamba wanamwamini.

Katika lugha yetu kukiingiza chombo majini kwa mara ya kwanza huitwa kushua. Watu wa pwani, kama wale wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu ambao kuunda majahazi ni kazi waliyorithi, hawashui jahazi kwa siri. Chombo ni kizito, hakisogei ila kwa mikono ya watu wengi, na watu wengi wakikutana hapana budi pawe na dua, na chakula, na nyimbo za kuvutia kamba. Naipenda desturi hiyo, maana penye macho mengi ufa una pa shida pa kujificha. Lakini kila mara nionapo shangwe ya namna hii huingiwa na wasiwasi kidogo. Siku ya sherehe ni siku ambayo hakuna apendaye kuwa mtu wa kwanza kutamka neno baya. Mpishi amekwisha kupika, wazee wamekwisha kuketi, dua imekwisha kusomwa. Ni nani atakayesema kwamba mshono wa tatu unavuja? Nitarudi kwa mtu huyo baadaye, kwa sababu nadhani ndiye wa maana kuliko wote.

Mwaka 1877 Mwingereza mmoja aliyekuwa mwalimu wa hisabati, William Kingdon Clifford, aliandika insha juu ya haki ya mtu ya kuamini jambo. Alitoa mfano wa mwenye meli iliyozeeka, iliyokuwa karibu kuwachukua wahamiaji kuvuka bahari. Mwenye meli alikuwa na shaka moyoni, lakini alizifukuza moja baada ya moja. Alikumbuka safari nyingi ambazo meli ile ilirudi salama. Alijiambia kwamba Mungu hatawaacha wale watu maskini waliokwenda kutafuta maisha mema. Alijikemea kwa kuwadhania vibaya mafundi. Mwishowe aliamini, kwa moyo wa kweli, kwamba meli yake ni nzima. Akaiaga kwa furaha. Meli ikazama katikati ya bahari, naye akapokea fedha za bima, akanyamaza. Clifford alihukumu kwamba mtu huyo ana hatia ya vifo vile ijapokuwa aliamini kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Wala Clifford hakuijua hatari ya bahari kwa kusikia tu: mwaka 1870, alipokuwa safarini pamoja na wataalamu waliokwenda kutazama kupatwa kwa jua, meli yao ilivunjika karibu na pwani ya Sicily, naye akaokoka.

Aliongeza jambo ambalo wanafunzi wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza. Alisema kwamba hata kama meli ile ingefika salama, hatia ya mwenyewe isingepungua hata chembe. Ingekuwa imefichika tu. Utauliza: ikiwa hakuna aliyekufa, kosa liko wapi? Nami nakuuliza: ukiwa ndani ya matatu, na dereva akayapita magari mengine kwenye mteremko wa Salgaa bila ya kuona mbele, kisha ukafika Nakuru salama, utashuka ukimshukuru kwa uangalifu wake? Kufika kwako si kazi yake. Alikuchezea kamari, na kamari ikatoka vizuri. Aliyekuchezea kamari bila ya ruhusa yako amekukosea tangu alipozirusha kete, si tangu zilipoanguka.

Hapa wengine hujikinga kwa methali. Husema: ajali haina kinga. Ni methali ya kweli, na mimi siitukani. Lakini angalia ni nani aisemaye, na wakati gani. Akiisema jirani akimtuliza mama aliyefiwa na mwanawe, ni rehema. Akiisema yule aliyepaka rangi juu ya ufa, ni wizi, maana anaiba faraja ya wafiwa ili aifanye kinga yake mwenyewe. Methali hiyo ni ya mfiwa, si ya fundi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka karibu na nchi kavu kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Kilitengenezwa kwa watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Siku zile methali ilitamkwa na watu wengi, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na haki ya kuitamka. Lakini idadi ya watu ilikuwa jambo la kuhesabika kabla ya kamba kufunguliwa. Kinachohesabika kabla ya safari si ajali tena.

Sasa nasikia fundi wa Rhonda akinijibu kwa uchungu, na ni haki nimsikilize. Anasema: "Bwana, wewe wanifananisha na tajiri wa Uingereza mwenye meli na bima. Mimi nimekopa fedha za mbao. Kodi ya nyumba ni ya miezi miwili. Mtoto amerudishwa kutoka shule kwa sababu ya karo. Nusu ya bei niliyopewa imekwisha liwa. Lori limekodiwa kwa Jumamosi, na likienda bure nitalilipa mara mbili. Shaka ni anasa ya mwenye akiba."

Maneno haya si ya kupuuzwa, na insha nyingi za maadili huyapuuza kwa kuwa huandikwa na watu walioshiba. Ni kweli kwamba katika maisha ya fundi huyu kila siku ya kukawia ni adhabu, na waliopanga mambo yakawa hivyo wana fungu lao la lawama. Mnunuzi aliyemharakisha analo. Mwenye nyumba naye pengine analo. Hali ya mtu yaweza kupunguza hukumu tumpayo, nami naipunguza. Lakini haiwezi kupunguza maji yanayoingia katika ufa. Zaidi ya hayo, wale wavuvi wawili ni maskini kuliko yeye. Chombo si chao, nyavu si zao, na wakikataa kupanda watachukuliwa wengine walio tayari ukingoni. Umaskini wa fundi ni mzigo mzito, na ni vigumu kusema atauweka wapi. Najua tu mahali ambapo hana ruhusa ya kuuweka, napo ni juu ya mabega ya mtu asiyejua kwamba ameubebeshwa.

"Basi," asema fundi, "nitaingia mimi mwenyewe kwanza. Kama ni kufa, nife mimi."

Sauti ya neno hilo ni ya kiungwana, na sehemu yake ni ya kiungwana kweli. Ukienda kaskazini ya Nakuru, katika Ziwa Baringo, utawaona wavuvi wa Kiilchamus katika vyombo wavitengenezavyo kwa mikono yao. Huchukua vigogo vya mti mwepesi sana uotao kando ya maji, huvifunga pamoja kwa kamba, na mvuvi huketi humo akiwa nusu amelowa, akipiga makasia mawili madogo, moja kila mkono. Maji huingia na kutoka apendavyo Mungu, maana chombo hakielei kwa kuzuia maji bali kwa wepesi wa mti wenyewe. Aundaye ndiye apandaye. Akikaza kamba vibaya, atakayeonja ubaya wake ni yeye. Twaweza kusema kwamba chombo cha namna hiyo kina uadilifu ndani yake, kwa kuwa kati ya mkono uliokosea na mwili utakaolipa hapana umbali wowote.

Fundi wa Rhonda anataka kuufuta umbali huo kwa kuingia mwenyewe. Lakini atauficha tu, hataufuta. Ataingia Jumamosi asubuhi, peke yake, ziwa likiwa tulivu kama maziwa kwenye bakuli. Watu wa Naivasha wajua kwamba upepo wao si wa asubuhi. Huja alasiri, na ukija huja kwa ghafula. Tena yeye ndiye aliyekiunda chombo, na anakijua kama mume amjuavyo mke mwenye hasira: anajua mahali pa kukanyaga na mahali pa kuepuka. Bila ya kukusudia atauegemeza mwili wake kulia ili ubao wa kushoto usipate shida. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwunda chombo huegemea upande uzima. Atazunguka mara mbili, atarudi akicheka, watu watapiga makofi, na wavuvi wawili watapanda wakiwa na yakini ambayo haikutoka katika maji bali katika ushujaa wa mtu mwingine. Ushujaa ni sifa njema, lakini si ushahidi. Mtu jasiri akikaa katika chombo kibovu, hakiwi kizima kwa ajili yake.

Naogopa kwamba hata jaribio kubwa kuliko hilo laweza kuwa uongo. Tuseme fundi anatafuta njia ya kitaalamu. Anapakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wawili, nyavu, na samaki wa siku njema. Mashua inashuka kidogo, inatulia, inaelea vizuri kuliko ilipokuwa tupu. Kila mtu anaridhika. Lakini mchanga hulala sakafuni, na uzito uliolala chini hukituliza chombo, kama mabaharia wajuavyo watiapo farumi. Mvuvi halali sakafuni. Mvuvi husimama, naye mwenzake husimama, wote wawili upande mmoja, wakivuta wavu uliolowa kutoka majini, na uzito uliokuwa chini sasa uko juu na kando. Hapo ndipo ile shibiri moja iliyopunguzwa itakapodai haki yake. Na kama maji yameingia kidogo, mpaka kwenye vifundo vya miguu, hayo nayo si mzigo mtulivu. Chombo kikiinama kushoto, maji yote hukimbilia kushoto na kukiinamisha zaidi. Mchanga haukufanya hivyo hata kidogo. Fundi alikipima chombo chake kwa kitu kilichokuwa na uzito wa hatari bila ya tabia yake.

Kwa hiyo jaribio la kweli halichaguliwi na chombo, huchaguliwa na maji. Kiache mafuriko ya usiku mzima penye maji ya magoti, kimefungwa kamba, mbao zinywe na kuvimba, ndipo asubuhi utazame ni mshono upi uliojifunga na upi ambao bado unalia. Wasimamishe watu wawili ubavuni, si mmoja, nao wavute kamba iliyofungwa kwenye gogo zito. Kijaze maji kwa debe, kwa kusudi, uone kama kitaelea kikiwa kimejaa au kitawaacha watu wake. Fanya hayo mahali ambapo mtu aweza kusimama, na utazame kwanza kama hakuna kiboko katika mafunjo, maana kiboko hangoji matokeo ya jaribio. Kisha ngoja alasiri, upepo uje. Jaribio ambalo unajua tangu mwanzo kwamba chombo chako kitalishinda, usiliite jaribio. Hilo ni onyesho.

Liko jambo baya kuliko kutokujaribu, nalo ni kujaribu na kunyamaza. Mfalme Gustav wa Pili Adolf wa Sweden aliamuru iundwe meli kubwa ya vita iliyoitwa Vasa. Mwaka 1628, kabla ya safari yake ya kwanza, watu 30 waliambiwa wakimbie juu ya sitaha kutoka upande mmoja hadi wa pili, ili ionekane jinsi meli itakavyoyumba. Walikimbia mara tatu tu. Meli ilikwenda mrama kiasi cha kutisha, na jaribio likasimamishwa. Zingatia neno hilo, msomaji: lililosimamishwa ni jaribio, si safari. Jemadari wa majini alikuwapo na aliona kwa macho yake. Lakini mfalme alikuwa vitani ng'ambo, naye alikuwa akiihimiza meli yake. Mwundaji mkuu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Na kila aliyebaki alikuwa na mkubwa wa kumwogopa. Tarehe 10 Agosti 1628 Vasa ilitweka matanga mbele ya watu wa Stockholm, ikaenda mwendo wa mita 1,300 hivi, upepo mdogo ukaiinamisha, maji yakaingia katika madirisha ya mizinga, ikazama bandarini. Uchunguzi ulifanywa, watu wakaulizwa maswali, na hakuna aliyeadhibiwa. Meli hiyo iliopolewa mwaka 1961, na hata leo watu huenda kuitazama katika nyumba ya makumbusho, nzuri ajabu, ikiwa na michoro ya simba na wafalme. Maji hayakuiambia Sweden jambo jipya. Maji yalirudia tu, kwa sauti kubwa, yale yaliyokwisha semwa na miguu ya watu 30.

Nimesimulia habari ya Vasa kwa sababu ya wale 30. Hatuyajui mawazo yao. Walikuwa watu wadogo; walitumwa wakimbie wakakimbia, wakaambiwa waache wakaacha. Kila mmoja wao alihisi sakafu ikiinama chini ya miguu yake, na hakuna aliyekuwa na cheo cha kutosha kusema alichohisi. Hapa ndipo ninaporudi kwa yule mtu wa sherehe niliyeahidi kumrudia, na yaelekea mtu huyo ni wewe.

Maana wewe msomaji bado ni kijana. Hujaunda chombo, wala hujapewa kazi ya kukinunua. Katika hadithi hii nafasi yako ni ya mtoto wa ndugu yake fundi, uliyemshikia mbao wakati wa likizo, ukamchemshia lami, ukamsikia akitukana kidogo siku ubao ulipopasuka, ingawa alidhani umetoka kwenda dukani. Jumamosi utakuwa ukingoni mwa Ziwa Naivasha umekunja suruali, pamoja na watu wa lori, mnunuzi, wavuvi wawili, na wachuuzi wa samaki waliosogea kutazama. Baba mdogo atasema kwa furaha, "Haya, shikeni, tuushushe!" Nawe umefundishwa, na ni vema umefundishwa, kwamba mtoto hamwaibishi mzazi mbele ya watu.

Sitakwambia kwamba heshima ni kitu kidogo. Jamii isiyo na heshima haiundi hata mtumbwi, kwani hakuna anayekubali kufundishwa. Lakini heshima ni ya nini? Baba mdogo anastahili heshima yako kwa sababu alikulea, na kwa sababu mikono yake inajua usiyoyajua wewe. Ukinyamaza, unaiheshimu furaha yake ya asubuhi moja, na unamwacha aingie katika usiku ambao hatatoka, usiku wa mtu aliyejua. Si lazima upige kelele. Lugha yetu ina njia nyingi za kumwambia mkubwa jambo gumu. Unaweza kumsogelea, ukamshika mkono, ukasema kwa sauti ya chini: "Shikamoo baba mdogo. Ule ubao wa kushoto unanitia wasiwasi. Tukiuacha ulale majini leo, haitatudhuru." Umesema "tukiuacha", si "ukiuacha", umejitia katika kosa pamoja naye, na hiyo si hila, ulishika ubao ulipopasuka.

Huenda akakukaripia. Wakubwa wengi hukaripia kwanza. Pengine atakwambia kwamba mambo ya vyombo si ya watoto wa shule, na wale wachuuzi watacheka. Hapo umelifanya lako, lakini hujalimaliza, maana wale wavuvi wawili nao wana masikio, na kwao pia unalo deni. Naona ugumu wake. Kumwambia baba mdogo ni jambo moja. Kuwaambia wageni kinyume cha baba mdogo ni jambo la pili, na huko nyumbani Rhonda litazungumzwa miaka kumi. Mimi nasema uwaambie. Nalisema nikiwa nimeketi salama mezani, na nakiri kwamba nilipokuwa na umri wako sidhani kama ningelisema.

Wala sitakudanganya kwamba fundi akisema kweli atalipwa kwa wema. Mnunuzi akisikia habari ya ufa yaelekea atadai apunguziwe bei, na atapunguza zaidi ya thamani ya ubao mmoja. Dereva wa lori atataka fedha zake. Karo itangoja tena. Katika hesabu ya Jumamosi ile, ukweli ni hasara tupu. Na faida yake, kama ipo, ni ya watu wawili ambao hawatajua kamwe kwamba waliipata, kwa kuwa hakuna mtu anayeijua siku ambayo hakuzama.

Basi tumwache pale ukingoni, jua likianza kuinama upande wa pili wa ziwa. Lori limekwisha ondoka. Mnunuzi amekwenda zake akinung'unika, ameahidi kurudi Jumatatu au asirudi. Mashua ya buluu imefungwa penye maji ya magoti, ina mawe ndani yake, na kijana amesimama ubavuni akiihesabu mishono kwa kidole. Upepo wa alasiri umeanza kuyapinda mafunjo. Fundi ameketi juu ya debe lililopinduliwa, viatu vyake kando, anatazama upande wa kushoto wa chombo chake karibu na mkuku, anangoja maji yamwambie.